Keshokutwa ya Mtia Rangi

Wajapani wana msemo wa ahadi zinazosogezwa mbele kila siku yake ikifika: konya no asatte, yaani keshokutwa ya mtia rangi. Hutupiwa fundi anayechelewesha kazi na mdeni anayeomba siku mbili zaidi. Mimi nimekulia pwani, miongoni mwa mafundi cherehani ambao Idi ikikaribia huwa na jibu moja tu, "Njoo kesho," basi maana ya msemo huo sikuhitaji kuelezwa. Kilichonisumbua ni mtu aliyechaguliwa kuubeba. Seremala huchelewa. Mhunzi huchelewa. Kwa nini Japani nzima, vizazi kwa vizazi, ikamnyooshea kidole mtia rangi?

Swali hilo ndilo lililonifikisha Tokushima, upande wa mashariki wa kisiwa cha Shikoku. Basi la kutoka Osaka hupita juu ya daraja la Akashi Kaikyō, lenye mita 1,991 kati ya minara yake miwili mikuu, likakatiza kisiwa cha Awaji, kisha likavuka mlangobahari wa Naruto, ambako maji ya kujaa na ya kupwa hukutana na kujizungusha kwa nguvu, hasa siku za bamvua. Ukishavuka hapo umeingia katika nchi iliyoitwa Awa zamani. Kwa Wajapani, jina la Awa na la nili huandamana. Rangi ya buluu iliyovaliwa na wakulima, wazima moto, wachuuzi na askari wa Japani ya zamani, sehemu kubwa ilitoka katika bonde hili.

Aliyeliamulia bonde kazi yake ni mto. Yoshino una urefu wa kilomita 194, na kabla ya kuzungushiwa kingo imara ulikuwa na tabia ya kufurika karibu kila vuli, tufani zinapopiga. Mpunga huiva wakati huohuo wa tufani, kwa hiyo aliyepanda mpunga kando ya Yoshino alikuwa akicheza bahati nasibu na chakula cha wanawe. Nili ina kalenda nyingine. Mbegu humwagwa mapema majira ya kuchipua, miche ikahamishiwa shambani, na majani yakakatwa katika joto la kiangazi, kabla mto haujakasirika. Mafuriko yakija hukuta mavuno yamekwisha kuingia ghalani, nayo huacha tope jipya la rutuba kwa mmea ambao huinyonya ardhi bila huruma. Ukoo wa Hachisuka, uliopewa utawala wa Awa mwaka 1585, uliliona jambo hilo na kuwahimiza wakulima kupanda nili. Nchi isiyofaa kwa mpunga ikawa miongoni mwa nchi tajiri za Japani.

Nilifika mwezi wa Oktoba, mavuno yamekwisha, ila vipande vichache vya shamba vilikuwa vimeachwa kwa ajili ya mbegu, vikiwa vimejaa maua madogo ya waridi. Hakuna chochote katika mmea huo kinachokudokezea buluu. Ni mfupi, hauvuki kiuno cha mtu mzima, wala hauna undugu na mnili wa Uhindi. Mzee mwenye shamba alichuma jani, akalisugua baina ya vidole na kunipa. Lilikuwa jani la kijani tu. Tulipomaliza kuzungumza nililitazama tena, na pale lilipochubuka palikuwa pamepiga samawati. Rangi ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilihitaji kuumizwa kidogo na kuguswa na hewa ndipo ijitokeze.

Sisi wa pwani nili tuliijua zaidi kwa nguo kuliko kwa shamba. Kaniki, ile nguo nzito iliyokoza hata ikaonekana nyeusi, ilitiwa nili Uhindi, ikaletwa Unguja na vyombo vya pepo za msimu, kisha ikapanda bara mabegani mwa wapagazi pamoja na merikani. Babu zetu waliipokea ikiwa imekwisha kutiwa rangi. Kungoja kwake kulikuwa kumefanywa na watu wengine, ng'ambo ya bahari, na labda ndiyo maana misemo yetu mingi imezaliwa katika vyombo, nyavu na mashamba, lakini si katika mtungi wa nili. Huko Awa nilikuta watu wanaoumaliza muda huo wote wenyewe, siku baada ya siku.

Kazi yenyewe huanzia ghalani. Majani ya kiangazi hukatwakatwa, yakaanikwa, yakapepetwa ili mashina yatengane nayo, na Septemba yakalazwa katika jengo linaloitwa nedoko, maana yake kitanda cha kulalia. Sakafu yake ni ya udongo ulioshindiliwa juu ya mchanga na kokoto ili maji yasituame. Hapo majani hurundikwa, yakanyunyiziwa maji, yakafunikwa mikeka ya majani ya mpunga na kuvundikwa. Kila baada ya siku kama tano mafundi hufunua, wakamwaga maji, wakalipindua rundo lote kwa majembe na reki, wakalifunika tena. Kazi hiyo huendelea kwa muda wa siku mia hivi, hadi Desemba, ndipo majani yanapokuwa kitu cheusi kinachofanana na udongo, sukumo, ambacho hufungashwa katika magunia ya majani ya mpunga na kupelekwa kwa watia rangi.

Mlango ulipofunguliwa harufu ilinitangulia kabla macho hayajazoea kiza: kali, ya kuchoma pua, kama zizi la ng'ombe baada ya mvua. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye rundo. Ndani ya rundo joto hufika nyuzi sitini na zaidi, na wafanyakazi walikuwa wakiligeuza wakiwa na vitambaa puani, machozi yakiwatoka kwa amonia. Yupo mmoja kati yao ambaye kazi yake ni maji. Ndiye anayeamua leo rundo linywe kiasi gani. Maji yakizidi, majani yanaoza. Yakipungua, rundo linapoa na kulala kweli. Hapimi kwa chombo. Hushika majani, akayafinya, akayanusa, akasikiliza joto kwa kiganja. Zamani bwana wa maji alikuwa mtu wa kuheshimiwa mno katika vijiji hivi, na kwa kuwatazama walivyomngoja aseme neno, naona heshima hiyo haijaondoka.

Nilimuuliza fundi mkuu, kupitia kwa kijana aliyekuwa akinitafsiria, ikiwa kuna namna ya kuharakisha. Alilichukulia swali kwa uzito. Akasema ukilipa rundo joto jingi litaungua, ukilipa maji mengi litaoza, nalo likioza hakuna anayeweza kulirudisha nyuma. "Sisi hatuitengenezi rangi," akasema. "Tunaingoja mahali ambapo inapenda kuja." Wazee wetu husema subira yavuta heri. Mbele ya rundo lile nilisikia maneno hayo kwa mara ya kwanza yakiwa maelekezo ya kazi, maana siku zote nilikuwa nimeyapokea kuwa maneno ya kufariji tu.

Kutoka ghalani nilikwenda mji wa Aizumi, ambako nyumba ya ukoo wa Okumura, wafanyabiashara wa nili wa zamani, imefanywa makumbusho yaitwayo Ai no Yakata. Mgeni anaruhusiwa kutia rangi kitambaa chake mwenyewe, na ni hapo nilipoanza kumwelewa mtia rangi na ile keshokutwa yake.

Nili ina ukaidi ambao rangi nyingi hazina. Haiyeyuki katika maji. Ukiitia ndani ya sufuria na kuchemsha, utapata maji machafu na kitambaa kilekile. Ili ikubali kuingia katika uzi, lazima kwanza iondolewe ubuluu wake. Mafundi hulitia sukumo katika mitungi mikubwa iliyozikwa ardhini hadi shingoni, wakaongeza maji ya majivu ya kuni, chokaa, pumba za ngano na pombe ya mchele. Vijidudu vilivyomo katika sukumo hula, huzaliana, na katika kula kwao huinyang'anya nili oksijeni yake. Hapo nili hugeuka kuwa ya kimanjano, huyeyuka, na inaweza kupenya. Juu ya mtungi hutokea povu zito la zambarau na buluu ambalo mafundi huliita ua la nili. Ua likisimama vizuri, mtungi uko tayari. Likinywea, mtungi umechoka, nao hulishwa pumba na kuachwa upumzike. Baridi ikizidi vijidudu hulala, na ndiyo maana karakana za kale huwa na shimo la moto katikati ya kila mitungi minne.

Mama aliyekuwa akitusimamia alinionyesha jinsi ya kushusha kitambaa polepole bila kuingiza hewa ndani, kukitembeza chini ya maji, kukikamua kinapotoka. Kilitoka na rangi ya majani yaliyoanza kukauka. Nilidhani kimeharibika. Akanifanyia ishara ya kukitandaza, na mbele ya macho yetu, kuanzia ncha, umanjano ukawa kijani, kijani kikawa samawati. Hewa ilikuwa ikiirudishia nili kile ilichonyang'anywa, na ikirudishiwa ndani ya uzi haitoki tena kirahisi. Kisha tukachovya tena, na tena, kwa kuwa kila mchovyo huongeza tabaka jembamba tu. Buluu iliyokoza haipatikani kwa kukiacha kitambaa mtungini usiku kucha. Hupatikana kwa kuingia na kutoka, maji na hewa, mara nyingi.

Sasa mweke mtia rangi wa mji wa Edo, karne ya 18, mbele ya mteja wake. Tokyo ya leo bado ina mtaa uitwao Kanda Konyachō, mtaa wa watia rangi wa Kanda. Mteja anataka kujua nguo itakuwa tayari lini. Jibu haliko mikononi mwa fundi. Liko katika mtungi, na mtungi unategemea joto, nalo joto linategemea anga. Nguo ikitoka mtungini inahitaji jua ili ikauke. Fundi hawezi kusema kesho, kwa kuwa anajua kesho haitoshi. Hawezi kusema wiki mbili, kwa kuwa mteja atakwenda kwa jirani. Anasema keshokutwa. Keshokutwa ikifika, mvua inanyesha, anasema keshokutwa. Msemo ukazaliwa kwa wateja waliokasirika, na bila shaka wako waliojificha nyuma ya mvua kwa uvivu wao. Lakini kwa fundi mwaminifu lilikuwa jibu la kweli kuliko yote aliyokuwa nayo. Aliyemtupia tusi hilo hakuwahi kukaa kando ya mtungi uliochoka.

Msemo wa pili nilioufuata ni konya no shirobakama: mtia rangi na suruali yake nyeupe. Hakama ni vazi pana la kiunoni, na maana ya kawaida ya msemo ni mtu anayewahudumia wote akajisahau mwenyewe. Nguo za mtaa mzima zimepita mikononi mwake, ya kwake haijaonja rangi. Kiswahili kina ndugu wa maneno hayo: mganga hajigangi. Lakini ipo pia tafsiri nyingine, ya kwamba mtia rangi alivaa nyeupe makusudi, kwa fahari, aonyeshe kwamba ameshinda mbele ya mitungi kutwa nzima na hakuna tone lililomrukia. Nilipovua glavu na kukuta buluu imeniingia hadi kwenye kifundo cha mkono, tafsiri hiyo ya pili ilinikaa moyoni. Aliyeitunga alikuwa mtu wa karakana. Msemo mmoja una nyuso mbili, uso wa mteja unaomwonea fundi huruma, na uso wa fundi unaojua thamani ya mkono wake.

Hata majina ya rangi yamebeba kazi. Samawati iliyo hafifu kuliko zote huitwa kamenozoki, maana yake kuchungulia mtungini, kana kwamba kitambaa kimeinamisha kichwa tu na kuondoka. Hufuata asagi, hanada, ai, hadi kon, buluu ya usiku. Ipo na kachi, nzito iliyokaribia weusi, ambayo askari wa zamani waliipenda kwa kuwa jina lake lafanana kwa sauti na neno la ushindi. Orodha hiyo ni hesabu ya michovyo: mwenye kuijua hujua kila nguo imegharimu siku ngapi za mtu.

Utajiri uliotokana na siku hizo za watu bado unaonekana Wakimachi, katika mji wa Mima, ukipandisha mto. Ni mtaa wa nyumba za wafanyabiashara, na baina ya nyumba na nyumba, juu ya mapaa ya vigae, huchomoza kuta fupi zilizopakwa lipu na kuvikwa vipaa vyake vyenyewe. Huitwa udatsu. Zilijengwa kuzuia moto usivuke kutoka paa hadi paa, lakini gharama yake ilikuwa kubwa, na wafanyabiashara wa nili wakaanza kushindana kwa urefu na urembo wake. Nyumba ya Yoshida, iliyoanza biashara ya nili mwaka 1792, imefunguliwa kwa wageni, na nyuma yake kuna ngazi za mawe zilizoshuka hadi mahali palipokuwa gati, mashua zikipakia magunia ya kwenda Osaka. Mjapani anayeshindwa kuinuka kimaisha husemwa kwamba udatsu yake haipandi. Wenyeji wa Wakimachi hukueleza asili ya maneno hayo kwa kunyoosha mkono juu ya paa.

Nilikaa muda mrefu mtaani hapo nikimfikiria yule mwenye machozi ya amonia ghalani. Udatsu zilipanda kwa mgongo wake. Mkulima wa nili alinunua mbolea ya samaki kwa mkopo kwa mfanyabiashara yuleyule aliyekuja kumnunulia majani, na misemo yenye kung'aa aghalabu hutungwa upande wa mwenye nyumba.

Kisha udatsu nazo zikaacha kupanda. Mjerumani Adolf von Baeyer alifaulu kutengeneza nili maabara mwaka 1880, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ikaanza kuiuza ile ya kiwandani. Ilikuwa safi, ya bei nafuu, na haikuingoja mvua. Mashamba ya nili ya Tokushima yalifikia kilele chake mwaka 1903, hekta zipatazo 15,000, halafu yakaporomoka. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali iliamuru ardhi ilimwe chakula tu, na nili ikapigwa marufuku. Mbegu zake hazidumu. Zisipopandwa mwaka baada ya mwaka hufa. Familia moja ya mafundi wa sukumo iliendelea kuzipanda kwa siri huko milimani, kipande kidogo, si kwa kuuza, bali ili kesho kuwe na cha kupanda. Nili inayolimwa Tokushima leo inadaiwa na ujasiri huo. Nyumba zinazotengeneza sukumo kwa njia ya asili sasa zinahesabika kwa vidole. Mwaka 2019 serikali ya Japani iliitambua nili ya Awa katika orodha ya urithi wa taifa, na nimeona vijana wakirudi kutoka mijini kujifunza ugeuzaji wa rundo.

Vijana hao ndio waliovuta mazungumzo hadi kwenye msemo mkongwe kuliko yote. Haukuzaliwa Japani. Umetoka kwa Xunzi, mwanafalsafa wa China wa karne ya 3 kabla ya Kristo, aliyeiandikia elimu sura ya kwanza ya kitabu chake na kuwakumbusha wanafunzi kwamba buluu hutolewa katika mmea wa nili na bado ikaushinda mmea huo kwa ubuluu. Watu wa Asia ya Mashariki huutumia mwanafunzi anapomzidi mwalimu wake. Nilikuwa nimeusoma zamani, nikaona ni pongezi nzuri basi. Mbele ya rundo lenye mvuke niliona Xunzi alikuwa akisema jambo gumu zaidi. Jani halijigeuzi buluu kwa kukua. Hukatwa, hukaushwa, huvundikwa, hupinduliwa, huvuliwa rangi yake ndani ya mtungi, ndipo hupewa rangi inayodumu. Mwanafunzi anayemzidi mwalimu ni yule aliyekubali kupitia yote hayo, na mwalimu ni yule aliyekaa naye kando siku zote mia, mkono wake ukipima joto.

Hicho ndicho nilichojifunza Tokushima, nami ninakiamini: msemo una uzito wake wote pale tu kazi iliyouzaa ingali inafanywa. Kazi ikifa, maneno hubaki, lakini hubaki mepesi. Keshokutwa ya mtia rangi, bila mtungi, ni kejeli. Ukiuona mtungi, ni hesabu ya mtu anayejua vitu visivyolazimishwa.

Na kwetu ni vivyo hivyo. Katika shule zetu methali hufundishwa kwa kukamilisha: mwalimu anasema nusu, darasa linamalizia kwa sauti moja. Watoto humalizia "Mwenda tezi na omo" kwa "marejeo ni ngamani" na kupata alama zao, ilhali wengi hawajawahi kusimama ndani ya jahazi wakajua tezi iko nyuma, omo mbele, na ngama ndiko maji yanakokusanyika na mtu kurejea kuyafua. Matondoni, kisiwani Lamu, bado kuna watu wanaounda vyombo kwa tezo na keekee, na wanawake wanaosuka mikeka. Nungwi ya Unguja nayo ina mafundi wake. Pemba wapo mabibi wanaochemsha ukindu katika sufuria za rangi na kuanika uani kabla ya kusuka. Somo la methali lihamishiwe huko walau mara moja kwa muhula. Mafundi walipwe kama wanavyolipwa walimu, watoto washike tezo, wachovye ukindu, wangoje ukauke, waone mvua ikiwacheleweshea kazi. Wakirudi darasani hawatahitaji kukamilishiwa nusu ya pili, na baadhi yao huenda wakatunga mipya.